Kengele Iliyosubiri Jumatatu

Etelka Baranyi alikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa mama yake pamoja na ufunguo wa mnara wa kanisa: mtu akifa Tiszasomos, mji wetu mdogo wa Hungaria kando ya mto Tisza, kengele ipigwe kabla ya saa nzima kupita. Haikujalisha mvua au jua, wala kama marehemu alikuwa tajiri, mlevi au mtu aliyesahauliwa na wote. Mafungu mawili kwa mwanamke, matatu kwa mwanamume, na kimya kifupi katikati ili watu wahesabu. Kengele ikianza, mwenye kofia huivua, na aliye jikoni hupunguza moto akatoka mlangoni. Ndipo watu huulizana ni nani.

Mama yake aliipiga mwaka wa mafuriko, maji yakiwa yamefika ngazi ya tatu ya mnara. Aliipiga pia miaka ile ambayo wakubwa wa chama cha kikomunisti walimwambia kengele ni ushamba. Etelka mwenyewe aliipiga kwa miaka thelathini na minane, na siku alipofiwa na mumewe alipanda mnara kwanza, akalia baadaye. Nayasema haya ili ijulikane kwamba aliyeivunja sheria hii hakuwa mzembe. Kuna waliomsukuma, na waliomsukuma tulikuwa mji mzima.

Ng'ambo ya mto, kwenye shamba la miplamu, anaishi Dénes Halmi. Upande wetu aliishi kaka yake Ambrus, fundi wa mashua. Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa Januari, baba yao alifariki upande wetu wakati mto ulikuwa ukiteremsha mapande ya barafu makubwa kama milango. Dénes alisimama ufukweni kwake siku tatu, asiweze kuvuka. Ambrus hakumsubiri. Alizika siku ya pili. Dénes alipofika, alikuta kaburi limeshafunikwa na theluji imeshalilalia. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemezana.

Lakini Dénes alianza mazoea yaliyowachekesha watu. Kila kengele ilipolia mafungu matatu, aliacha kazi, akavaa koti lake jeusi, akavuka kwa mtumbwi hadi gati letu na kumuuliza mtu wa kwanza aliyemkuta, "Nani?" Akitajiwa jina lisilo la kaka yake, aliitikia kwa kichwa akageuza mtumbwi. Walevi wa pale gatini walimtania.

"Bado, Dénes. Kaka yako jana kamaliza sahani mbili."

"Mwambieni apunguze ulafi," alijibu. "Ananichosha kupiga kasia."

Wao walidhani anasubiri kufurahi. Etelka peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu Dénes alimweleza siku moja sokoni, akichagua vitunguu, bila kumtazama usoni. Alimwambia kwamba watu husahau kupiga simu, ila yeye Etelka hajawahi kusahau kengele. Basi siku ya Ambrus ikifika atasikia, atakuja, na safari hii hatachelewa. Etelka alimjibu neno moja tu: "Utasikia."

Hiyo ilikuwa ahadi. Tulikuja kuigeuza kuwa usumbufu.

Ilianza pale mji wetu ulipogundua kwamba watu wa Budapest wanaupenda ukimya. Meya wetu, Szabolcs Kocsor, akaweka kibao barabarani kilichoandikwa "Njoo Usikie Ukimya", kana kwamba ukimya ni bidhaa tuliyoikamua wenyewe. Wageni wakaja na baiskeli zao. Kisha yakaja malalamiko. Majogoo wanawika mapema. Korongo wanagonga midomo juu ya nguzo za umeme. Kengele ya saa kumi na mbili asubuhi inawaamsha watoto. Halmashauri ikasogeza kengele hadi saa tatu, na waliofuga majogoo wakaandikiwa barua. Vyura tu ndio waliosalimika, maana hatukujua pa kuwapelekea barua yao.

Sherehe yetu kubwa ni ya mwezi Juni, wakati maua ya Tisza yanapotoka. Si maua hasa. Ni wadudu wa mto, wenye mikia mirefu, wanaokaa kwenye tope miaka mitatu, kisha wanaibuka kwa maelfu alasiri moja, wanaruka, wanapandana, wanakufa. Wageni husafiri kwa muda wa saa tatu kuwatazama wakifa, na hulia machozi kwa uzuri wake. Likumbukeni hili.

Mwaka huo, Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, saa nne asubuhi, Ambrus Halmi alikata roho kitandani kwake, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya binti yake Tünde. Vyumba sita vya mbele Tünde alikuwa amevifanya nyumba ya wageni. Jirani alimkimbilia Etelka kumpa habari. Etelka akafunga kitambaa cheusi kichwani, akachukua ufunguo, akaenda. Mlangoni mwa mnara aliwakuta Kocsor na Tünde wanamngoja.

Kocsor alianza kwa upole. Alimwambia mji umejaa. Leo wageni wanafika, kesho ni sherehe, keshokutwa wanaondoka. Jumatatu asubuhi apige hata mara kumi.

"Sipigi mara kumi, mwanangu," Etelka alisema. "Napiga mafungu matatu, na napiga sasa."

"Mama Etelka, watu wametafuta utulivu. Tuwakaribishe na kengele ya maiti?"

"Kwani kwao hawafi?"

Kocsor akacheka kidogo, akasema marehemu mwenyewe hakuwahi kuwa na haraka na jambo lolote, hata mashua zake alizikabidhi kwa kuchelewa. Etelka hakucheka. Alikuwa ameshaingiza ufunguo kwenye kufuli Tünde alipomshika mkono. Macho ya Tünde yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli, simnyimi haki hiyo.

"Mama Etelka, nakuomba mimi, mwana wa marehemu," alisema. "Vyumba vyote sita vina watu. Baba angenielewa."

"Na baba yako mdogo je?"

"Nitampigia Jumatatu."

"Kwa nini si leo?"

Tünde alitazama chini. Kocsor ndiye aliyejibu. "Kesho Dénes anapika supu. Akijua leo, nani atapika?"

Hapo ndipo Etelka alipaswa kuzungusha ufunguo. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri: huyu ni mtoto wa marehemu, mimi ni nani nimkatalie? Ilionekana hoja ya heshima. Ndivyo maovu yetu mengi yanavyojivika heshima. Akauchomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa aproni, akarudi nyumbani. Padri hakuwepo, anahudumia miji minne na kwetu huja Jumapili moja na kuruka nyingine. Mwili wa Ambrus ulitolewa kwa njia ya nyuma ya bustani, mahali tunapopitishia samadi, ili wageni waliokuwa wakinywa kahawa barazani wasilione gari la maiti. Kufikia adhuhuri kila mwenyeji wa Tiszasomos alikuwa anajua. Tulinong'onezana madukani, na akipita mgeni tukazungumzia hali ya hewa.

Jumamosi Dénes alivuka asubuhi na samaki wake, pilipili nyekundu ya shamba lake, na sufuria kubwa ya chuma inayoning'inia kwenye mnyororo. Hakuna mpishi wa supu ya samaki kama yeye kwenye sehemu yetu ya mto. Alikuwa na furaha siku hiyo. Bibi mmoja wa mjini alichukua mwiko akataka kusaidia kukoroga, Dénes akamnyang'anya.

"Bibie, huu si uji. Samaki hakorogwi, atasambaratika. Unashika mpini wa sufuria, unaitikisa hivi, kama unambembeleza mtoto wa mtu mwingine."

Watu wakacheka. Sisi wenyeji tulicheka kuliko wageni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kulikuwa na desturi moja ambayo wageni hawakuijua. Kila mwaka, supu ikiiva, Dénes alijaza bakuli la kwanza, akalifunika kwa kipande cha mkate, na kuagiza lipelekwe kwa Ambrus. Ambrus alikula, akalifuta bakuli kwa mkate, akalirudisha tupu bila kuoshwa na bila salamu. Miaka kumi na tisa, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Dénes akajaza bakuli. "Mpelekeeni yule mchoyo," alisema. "Mwambieni mwaka huu nimezidisha pilipili, afe akihema."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tumesimama pale watu kama arobaini, wenye umri wa kutosha, tuliobatizwa kanisa moja. Etelka alikuwa hatua tano kutoka kwenye moto, na alihisi midomo yake mwenyewe, aliniambia, ikikataa kufunguka. Ndipo Kocsor akajitokeza akitabasamu, akasema atalipeleka yeye. Akaondoka nalo, akapinda nyuma ya hema la bia. Supu aliimwaga majanini. Kisha, kwa kuwa ni mtu nadhifu, akaliosha bakuli bombani na kulikausha kwa karatasi, akangoja dakika kumi, akalirudisha.

Dénes alilipokea, akalitazama ndani, akaligeuza. Akauliza, "Kaliosha?"

"Kaliosha," Kocsor alisema.

Akapitisha kidole ukingoni mwake, kana kwamba anatafuta ufa. Kisha uso wake ukalegea kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, akatugeukia sisi wote.

"Hajawahi kuliosha," alisema. "Miaka yote, hajawahi. Mnaona? Mzee analainika." Akaliweka bakuli kando, mbali na mengine. "Mwakani nitampelekea mwenyewe. Au hata kabla."

Nilikuwepo. Nilikuwa na bakuli langu la supu mkononi, na nililimaliza. Jioni ile maua ya Tisza yalitoka kwa wingi, na wageni walisimama kwenye gati wakiwa kimya kabisa, kwa heshima ya wadudu.

Jumapili magari yaliondoka. Jumatatu saa tatu kasorobo Etelka alipanda mnara akapiga. Fungu la kwanza, la pili, la tatu. Alisema kamba ilikuwa nzito kuliko siku zote, ingawa kamba ni ileile. Alipomaliza hakwenda nyumbani kama kawaida yake. Alishuka hadi gatini akasimama mbele kabisa, ili Dénes asije akamuuliza mtu mwingine.

Dénes alikuja na koti lake jeusi. Kwenye mtumbwi alikuwa na chupa ya pombe kali ya plamu iliyofungwa kwa karatasi safi, na baadaye tulielewa kwamba siku hiyo, yeyote ambaye angekuwa amekufa, alikusudia kupanda hadi kwa kaka yake.

"Nani?" aliuliza, kabla mtumbwi haujagusa gati.

"Ambrus."

Akavua kofia. Alikaa hivyo, mtumbwi ukigongagonga mbao. Kisha akauliza kama ni alfajiri hii.

"Ijumaa," Etelka alisema. "Saa nne asubuhi."

Hakumficha kitu tena, hata kimoja. Dénes alihesabu kwa vidole polepole, Ijumaa, Jumamosi, na alipofika kidole cha Jumamosi akasimama hapo.

"Bakuli aliliosha nani?"

"Kocsor."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliniambia nitasikia."

Wenyeji wachache waliokuwa wamesogea karibu walianza kurudi nyuma. Dénes aliivaa kofia tena, akashika kasia.

"Mara ya kwanza ilinizuia barafu," alisema. "Barafu haina akili. Safari hii mmenizuia ninyi."

Akasukuma mtumbwi. Tünde alifika mbio, akamwita baba mdogo, baba mdogo, hadi katikati ya mto. Hakugeuka.

Mazishi yalifanyika Alhamisi. Kiti cha mbele, upande wa ndugu, kilikaa wazi; Dénes hakutaka kuketi na waliomficha. Kocsor alisoma hotuba nzuri kuhusu fundi wa mashua wa mwisho wa Tiszasomos, na kwenye kikao cha halmashauri wiki iliyofuata aliripoti kwamba sherehe ilikwenda vizuri na hakuna mgeni aliyelalamika. Alisema kweli. Mimi, mwalimu wa shule yetu, nilisimama nikasema aliyoyafanya na bakuli lile ni unajisi, na kwamba sisi tuliotazama ni wachafu kama yeye. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, supu hukula?" Nikajibu nilikula. Wakacheka, wakahamia ajenda ya vyoo vya ufukweni.

Etelka aliuacha ufunguo juu ya meza ya meya bila barua. Sasa kengele inapigwa kwa kitufe, kutoka ofisini, saa za kazi. Watu wengi hawavui tena kofia, kwa kuwa hawajui kama aliyekufa ni wa leo au wa juzi. Dénes hajavuka mto tangu siku ile, hata kwa mafungu matatu, na bakuli lile bado liko kwenye kabati la vifaa vya sherehe, safi.

Ambrus Halmi alizikwa bila ndugu yake wa pekee. Dénes alimkosa baba, akamkosa na kaka. Vyumba sita vilijaa kwa siku tatu.