Karatasi za Baba Zilizobaki Nyabiyonza

Baba alifundisha chuo cha Kurani hapa Nyabiyonza mpaka alipofariki. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafanyabiashara wenzetu waliotoka pwani, na wenyeji wa huku, Wanyambo, wachache waliosilimu. Aliacha mbao za kuandikia, juzuu zilizochakaa na mafungu ya karatasi za masomo aliyoyatunga mwenyewe. Kazi ya kuzitunza ikaniangukia mimi, bintiye, niliyeachika nikarudi nyumbani.

Mchwa wa huku hawana huruma. Jua likitoka naanika, wingu likitanda naanua, kisha nazitundika darini, moshi wa jiko uzifikie. Mgongo ulikuwa ukiniuma hata nikiwa nimekaa.

Vita vya Wazungu vilipotukaribia, kaka yangu mkubwa aliamua tukimbilie kwa jamaa zetu Tabora. Wapagazi walikuwa wamechukuliwa wote na jeshi, kwa hiyo kila kitu kingekwenda kwa vichwa vyetu.

"Dada, tubebe chakula au makaratasi?"

"Bebeni chakula. Mimi nabaki nayo."

"Umechoka akili wewe."

"Nimechoka miguu, kaka. Nendeni salama."

Akaondoka na mkewe na watoto.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kinyambo, alinipa mtungi wake mkubwa. Tukazipanga karatasi ndani, tukaufunika, tukaziba mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe, tukaufukia katikati ya migomba yake. Mbao hazikuingia.

Askari walipofika, walizikuta ukutani wakazifanya kuni. Niliamrishwa niwapikie. Nikakaa pale namenya ndizi zao huku mbao alizozichonga baba zikiwaka chini ya chungu. Sikulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Walipokwenda zao tuliufukua mtungi. Karatasi za chini zilikuwa zimeingia unyevu na kugandamana. Za juu zilikuwa nzima. Nikaanza tena kuanika.

Kaka alirudi vita vilipokwisha, amekonda, mvi zimemjaa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaokota moja, akasoma taratibu somo ambalo baba aliwaandikia watoto wanaoanza, jinsi ya kushika kalamu. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Kesho nitaanza kuwafundisha wanangu," akasema.

"Vizuri. Basi na kuzianika ni kazi yako tangu leo."

Nikaingia ndani nikalala, na adhuhuri ilikuwa bado.