Mifupa ya Mama Mkwe

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana najua nusu yake mmeshaisikia kwa Liponda, na Liponda akisimulia hujitoa mwenyewe kana kwamba hakuwepo, wakati alikuwepo, tena na rungu lake la mgambo mkononi. Mimi sijitoi. Nilimtia mama mkwe wangu aibu mbele ya watu, nikamfanya avunjike, halafu nikambeba mgongoni mchana kweupe kupita katikati ya kijiji, mkwe kumbeba mkwe, mmewahi kuyaona wapi hayo?

Ilikuwa miaka ile tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, huku nje ya Likombe, kila mtu kaacha nyumba yake ya zamani na makaburi ya watu wake, na kule tulikotoka tukawa tunakuita mahameni. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na kusema ukweli ubalozi ulinipanda kichwani, nani kapata mgeni, nani kapika nini, nani hakuonekana shamba la kijiji, yote nilitaka niyajue mimi kwanza. (Na kwa asili mimi ni mtu wa shaka, hata kuku akikatiza uani mara mbili namwuliza kulikoni.) Nilikuwa nimeoa ukweni, kama ilivyo desturi yetu, mwanamume anamfuata mke. Na desturi ya mkwe mnaijua, mimi na mama hatukukaa mkeka mmoja, akija njiani mimi naingia majanini, habari zake zinanifikia kwa kinywa cha mke wangu Somoe, na habari za mwili wake hazinifikii kabisa.

Basi alipopelekwa Dar na kaka yake akakaa miezi, akarudi kakonda, mimi niliambiwa "alikuwa anaumwa," basi, mlango umefungwa. Alirudi na barua, akampa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni bila kuniambia neno, mimi balozi! Toka hapo mama hakushika jembe tena, wala ndoo ya maji hakujitwika, anatekewa. Dagaa anawatafuna na vichwa na miiba yote. Chini ya kitanda ana kopo la maziwa ya unga, wakati huo duka la ushirika hata sabuni hakuna, nikajiuliza kalitoa wapi? Na kila asubuhi, jua likichomoza tu, anashika fimbo yake, peke yake, huyoo, mahameni.

Siku moja nilikuwa naziba ua wa bafuni kwa makuti (nilikuwa naziba kweli, msinitazame hivyo), nikamsikia mama anamwambia Somoe, "Mganga kasema mifupa ndiyo ya kulindwa. Ikishaharibika mifupa, basi tena."

Somoe akauliza, "Na mume wangu tumwambie?"

"Huyo asijue kabisa, mwanangu. Nitaona haya."

Mganga! Nyie neno hili mnalijua lilivyo. Wa hospitali ya serikali aliyevaa koti jeupe ni mganga, na yule wa ng'ambo ya Ruvuma mwenye pembe na vibuyu naye ni mganga. Ningemwuliza mke wangu, "Mganga yupi?" Maneno mawili tu, yote haya yasingetokea. Sikuuliza. Nikamchagua mganga mwenyewe, nikamchagua yule mwenye pembe, na mifupa nayo nikaichagua, maana mahameni kalala marehemu baba mkwe na ndugu zake wote.

Nikaenda kwa Liponda. Nikamwambia kwa siri kwamba kuna mtu anachezea makaburi. Liponda na siri! Kamwambia mkewe, mkewe kaipeleka kisimani, asubuhi yake nafika njia panda nakuta watu kumi na kitu wananisubiri, na katibu wa kijiji na daftari lake, na mwenyekiti ambaye angetuzuia yuko Mtwara mkutanoni. Hapo roho ikaniambia rudi nyumbani. Lakini balozi akishaona watu wamemsubiri atarudije? Nikatangulia.

Tukajificha kwenye mikorosho. Mama akaja polepole, anachomachoma ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga. "Anatafuta mahali pa kufukua," nikanong'ona. (Kumbe anakwepa mizizi, maskini.) Akauzunguka uwanja wa nyumba yake ya zamani, mara moja, mara mbili, mara tano, na Liponda ananikaba bega, "Anazunguka, Balozi! Anazunguka!" Kisha akaketi juu ya msingi wa nyumba, akashusha kanga mabegani, akalipa jua mgongo, akafungua kifurushi chake, ndani mkang'aa kitu cheupe. Lo! Nikaruka kutoka kichakani.

"Mama! Weka chini mifupa ya watu!"

Alishtuka, akainuka huku anaiwahi kanga yake, fimbo ikateleza, akaanguka, mkono wa kulia ukamtangulia chini. Ule mlio wa mfupa niliusikia. Kitu cheupe kikabingirika mpaka miguuni pangu: kikombe cha bati, na maziwa yamemwagika, na dagaa wametapakaa mchangani. Na kanga ilikuwa imeanguka. Upande wa kushoto, mahali pa ziwa, palikuwa na kovu refu tu, na watu wote tuliliona.

Mama mmoja akavua kanga yake ya pili, akaenda kumfunika.

"Mifupa ya watu?" mama mkwe akasema, kaukumbatia mkono wake. "Mifupa ni hii yangu, baba. Nina kansa. Wamenikata ziwa, na mganga wa hospitali akaniambia ugonjwa na matibabu vinaidhoofisha mifupa, nitembee, niote jua, nile dagaa, ninywe maziwa, nisibebe kizito. Na kubwa kuliko yote nisianguke. Miezi minne, baba, nilikuwa sijaanguka."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikageuka kumtafuta Liponda, Liponda hayupo. Katibu kafunga daftari, anatazama korosho. Baiskeli hakuna, zahanati iko mwisho wa kijiji, nikachuchumaa mbele ya mama mkwe nikampa mgongo. Akakataa, "Mkwe hanibebi." Lakini maumivu hayana mkwe, mwishowe akapanda, akajifunika kanga uso mzima, nami sina cha kujifunikia. Njia nzima wanawake wanapiga magoti na kugeuza nyuso. Somoe tulikutana naye anatoka kisimani, akatua ndoo, akatufuata nyuma bila kunitukana, na bora angenitukana.

Pale zahanati mganga (ndiyo, mganga, mwenye koti) akauliza kaangukaje. Mama akajibu, "Nimeteleza." Kwa hilo nililia, sioni aibu kuwaambia. Mganga akasema tushukuru ni mkono, ungekuwa mfupa wa nyonga asingetembea tena, na kutembea ndiyo dawa aliyobakiwa nayo.

Mkono uliunga, lakini uliunga kombo, na yeye aliyekuwa msukaji wa mikeka hakusuka tena. Ubalozi niliurudisha mwenyewe kabla hawajanivua. Jina la Bwana Mifupa nikabaki nalo, na nyie mnaniita hadi leo. Nikaapa neno linalonitatiza nitaliuliza, hata liwe la aibu namna gani, na mama hatatembea peke yake tena. Kila asubuhi nikawa namfuata hatua kumi nyuma, kwa heshima, kichwa chini, nikiangalia anapokanyaga.

Siku moja akasimama, bila kunigeukia.

"Baba, njoo utembee pembeni yangu. Ukiwa nyuma naona kama bado unanipeleleza."

Nikasogea. Jasho likanitoka, maana sikuwahi kuwa karibu hivyo na mkwe nikiwa sijambeba. Nikakohoa, nikamwuliza, "Mama, mifupa leo inaumaje?" Akanieleza yote, mfupa kwa mfupa, na hatukuwa tumemaliza tulipofika nyumbani.