Zege Lililofumba Nyufa Zake

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya zege pale Iringa, nilivaa viatu vipya nikidhani nitakabidhiwa vipimo. Mkuu wa Maabara akanipa ndoo ya chokaa na brashi.

"Paka chini ya slabu," akasema. "Sisi tutapiga juu, wewe utasoma chini."

Kazi ilikuwa kudondosha kipande kizito cha chuma juu ya slabu, yaani bamba la zege, pale pale, tena na tena, tukihesabu mapigo. Slabu ya kwanza ilikuwa ya nondo za kawaida, zile zinazofungwa kwa waya kisha zege likamwagwa. Mapema tu nyufa zikajichora kwenye chokaa. Ya pili ilikuwa na nyaya za chuma zilizovutwa kwa jeki kabla ya kumwaga; zege likishakomaa nyaya huachiwa, nazo zikitaka kurudi hulibana zege kwa nguvu. Hiyo ilipigwa, nyufa zikafunguka, kisha zikajifunga zenyewe. Nikaipenda papo hapo.

"Hiyo ndiyo ya kuogopa," Mkuu akasema. "Ya nondo inalia mapema. Hii inanyamaza, huku zege linaachana na nyaya kidogo kidogo. Siku moja inamwaga kipande kizima."

Nikaona mzee anatia chumvi.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mkaguzi kwenye machimbo ya kokoto nje ya Mbeya. Matipa yalimwaga mawe juu ya jukwaa la slabu ya nyaya, mawe yakasukumwa kwenye mtambo wa kusaga. Chini ya ukingo wa jukwaa, penye kivuli, alipikia Mama Neema, na sote tulikula kwake. Msimamizi wa Machimbo hakutaka tipa hata moja lisimame kwa ajili yangu, kwa hiyo nilikagua saa ya chakula, kazi ikiwa imelala. Wala sikubisha. Nilimulika tochi, nikaandika "hakuna ufa", nikakaa kula.

"Fundi, tipa likimwaga, huko juu kunanidondoshea mchanga," Mama Neema aliniambia siku moja. "Maharage yanakwaruza meno."

"Funika sufuria, mama," nikamjibu, nikicheka.

Mungu wangu. Nyufa zilikuwa zikifunguka mawe yakigonga, na zikijifunga kabla sijafika na tochi yangu. Nilikuwa nimefundishwa hilo siku ya kwanza kabisa.

Asubuhi moja nilisikia tipa likimwaga, kisha kishindo cha pili ambacho hakikupaswa kuwapo. Nilikimbia. Zege lilikuwa limelala juu ya meko, nyaya zikining'inia, na mguu wa kulia wa Mama Neema ulikuwa chini yake. Alinitazama tu, bila kulia. Nilisimama tu, wakaja wengine kuinua. Hospitali walimkata mguu.

Msimamizi akaniletea fomu ya ripoti. "Andika hakukuwa na dalili. Nani angejua?"

Nikaandika kwamba dalili ilikuwapo, kwamba mpishi aliitoa, kwamba mkaguzi aliipuuza, na kwamba mkaguzi ni mimi.

"Mzee, umebakiza miezi michache ustaafu," akasema.

Nikasaini. Sikuimaliza miezi hiyo.

Sasa nipo nyumbani. Vijana wa chuo wakija kuniuliza habari za zege, nawaambia wakague mawe yakiwa yanaanguka, na waulize anayekaa chini. Wananiona mkali. Sijapona mshtuko ule, ndiyo maana.

Nilimpelekea Mama Neema nakala ya ripoti sokoni Mwanjelwa, anakouza viungo vya chakula akiwa amekaa, magongo yake kando. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo mpishi ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mama."

"Basi andika jina langu, Tumpe."

Nikaazima kalamu duka la jirani, nikaandika. Nilikuwa nimekula kwake miaka mitatu bila kumuuliza jina.