Jembe la Kumkomboa Theresia

Watu wa kijiji wakitaka kumuusia binti anayeolewa, humwambia akawe mpole kama Theresia. Na kweli, Theresia hajawahi kugombana na mtu. Ana shamba lake kando ya kijito, chini kidogo ya misheni, kwenye mteremko ambao mgeni akiutazama hujiuliza mtu anasimamaje pale bila kuporomoka. Analima karoti, kabichi na njegere, anamwagilia kwa mpira unaoshusha maji kutoka juu, na siku za soko huteremka na kikapu kichwani mpaka Morogoro Mjini. Mumewe alishafariki. Binti yake, Pendo, anajifunza ushonaji mjini, na shamba hilo ndilo litakalokuwa lake siku moja, kwa sababu huku Uluguru ardhi ni ya ukoo na hupita kwa wanawake: kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Upole wenyewe watu hawajui unatoka wapi. Jirani yake, Martina, ambaye ni wa ukoo huohuo, kila msimu wa kuandaa matuta huisogeza mimea ya mpaka kidogo, na mwaka unaofuata kidogo tena. Theresia huona, akanyamaza. Msibani yeye ndiye wa kwanza kufika jikoni na wa mwisho kula. Watu husema ana moyo mkubwa. Kumbe ni hofu.

Hofu hiyo alipewa na mama yake, siku chache kabla ya harusi. Mama alimpeleka kijitoni, akachomoa mpira ili maji yaanguke kwa kelele, ndipo akasema, "Mwanangu, wengine wakigombea mpaka ni ugomvi wa ndugu, kesho wanapatana. Sisi tukigombea, watatuuliza tumetoka wapi."

Akamweleza. Mama wa bibi yake hakuzaliwa katika ukoo huu. Aliletwa akiwa msichana kutoka tambarare za Kisaki, mwaka wa njaa, akatolewa kwa kikapu cha mtama. Mwenye kikapu alikuwa mkuu wa ukoo wa wakati huo. Alipokufa, mpwa wake alirithi mashamba, majembe, mbuzi, na msichana yule. Akaitwa Bibi Mtama. Kwa kuwa hakuwa na watu wake huku juu, watoto aliowazaa walihesabiwa kuwa wa ukoo uleule uliomnunua, wakagawiwa mashamba kama wengine. Vizazi vikapita juu ya jambo hilo kama majani yanavyoota juu ya njia ya zamani.

"Anayejua vizuri ni mjomba wako Laurenti," mama alimalizia. "Na yeye hasemi."

Mjomba Laurenti, aliyekuwa mkuu wa ukoo kwa miaka mingi, kweli hakusema. Alikuwa akipita shambani kwa Theresia, anang'oa karoti moja, anaifuta kwenye suruali na kuila na udongo wake, kisha anaondoka bila neno. Theresia alimpenda na kumwogopa kwa pamoja, kama mtu anavyomwogopa daktari anayejua ugonjwa wake.

Masika ya mwaka huu Laurenti alifariki. Aliacha agizo moja lililowashangaza wote: asizikwe katikati, kwenye makaburi ya saruji ya wakuu wenzake, bali pembeni kabisa, karibu na ua, kando ya kaburi la mawe la Bibi Mtama. Watu walinong'ona. Theresia aliposikia hayo jikoni alikata kidole badala ya kitunguu. Alijiuliza moyoni: mjomba, umeninyamazia maisha yote, mbona sasa unawaonyesha watu kaburi lile?

Aliyerithi nafasi ya Laurenti ni Godfrey, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Godfrey ana duka la mbolea na mbegu Dumila, njia panda ya magari ya Dodoma. Si mtu mbaya wa kupiga kelele. Anavaa shati lililopigwa pasi, anasikiliza, anatikisa kichwa. Alikuwa amepata mtu wa kukodi shamba la kijitoni ajenge nyumba ya kulala wageni wanaokuja kuona maporomoko ya maji. Jambo hilo kijiji kizima kilikuwa kinalijua.

Alimfuata Theresia shambani siku moja mchana, akakaa juu ya jiwe.

"Dada, nina habari njema. Nimewapata ndugu zako."

"Ndugu zangu ni ninyi, kaka."

"Wale wenyewe. Wa Kisaki." Akatabasamu. "Kuna mzee mteja wangu, Hashimu, anapenda sana hadithi. Siku moja dukani ananisimulia bibi yao waliyemtoa kwa watu wa milimani wakati wa njaa, kwa kikapu cha mtama. Nikamwambia, mzee, huyo tunaye sisi!"

Neno ambalo mama yake alilifunika kwa kelele za maji, Godfrey alikuwa analisema mchana kweupe, huku akichezea ufunguo wa pikipiki.

"Watakuja siku ya arobaini ya mjomba. Wanakuja kukukomboa, kwa desturi zote: jembe jipya, shuka nyeupe, na mtama wetu wanaurudisha. Nikipokea jembe, umetoka. Unakuwa mtu huru, dada. Siku hizi ni aibu ukoo kuwa na mtu aliyeingia kama mali."

"Na shamba?"

"Shamba ni la ukoo. Ukitoka kwenye ukoo unatoka na nguo zako." Akacheka kidogo kumpoza. "Huko Kisaki ardhi ipo tele, mpaka tembo wanalima."

Alipoondoka, Theresia alimpigia Pendo simu. Pendo akawaka. "Mama, nenda ukamshtaki!"

"Nikashtaki nini, mwanangu? Kwamba wanataka kuniweka huru?"

Tangu hapo Theresia alikuwa akisikia jembe la mtu likigonga jiwe ng'ambo ya kijito, anashtuka kama aliyeitwa. Alivuna kabichi kabla hazijafunga, kisha akajuta, kisha akavuna nyingine. Alimwogopa Godfrey, lakini zaidi aliogopa kuwaona wale wageni. Itakuwaje wakiwa watu wema?

Walikuwa watu wema. Arobaini ilipofika, baada ya misa, mzee Hashimu aliingia uani amevaa kanzu na kofia, amemshika mkono dada yake mkubwa, Bibi Shadia, ambaye alikuwa akihema kwa kupanda mlima. Theresia alitoka jikoni kuwapa maji.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Bibi Shadia hakuyapokea maji. Alikuwa anamtazama. "Hashimu, tazama. Hayo masikio."

Theresia naye aliyaona: masikio madogo yaliyolala kichwani, kama ya marehemu mama yake. Kwa muda mfupi alitaka kuweka kichwa kwenye mapaja ya yule bibi, na kutaka huko kulimtisha kuliko yote, kwa sababu ndiko kungemtoa shambani.

Aliyewaingilia ni Filomena. Filomena ni mtani wa ukoo. Huku watani ndio wanaochimba kaburi na kuzika, kwa hiyo msibani wana ruhusa ya kusema na kufanya wanachotaka. Alikuwa amejipaka majivu, amevaa koti la marehemu Laurenti, na anatembea kwa kuburuta mguu vilevile kama yeye.

"Nyie mnaolia, mlikuwa wapi nilipoomba tumbaku?" alifoka kwa sauti ya Laurenti, watu wakacheka na machozi. Akamgeukia Theresia. "Na wewe mpole! Wali umeupika mbichi. Unatetemeka kama kuku wa sikukuu!"

Maisha yake yote Theresia aliwaogopa watani, maana ndio wenye ruhusa ya kutamka kila kitu. Aliinamisha kichwa, akarudi jikoni.

Baada ya chakula ukoo mzima ulikwenda makaburini. Vitu viliwekwa juu ya mkeka: jembe jipya lenye mpini mweupe, shuka iliyokunjwa, kikapu cha mtama. Godfrey alizungumza vizuri. Alisema mababu walifanya waliyofanya, lakini sisi tumesoma, tuna dini, hatuwezi kuendelea kumkalia binti wa watu. "Nikilipokea jembe hili, yule mwana anarudi kwao na sisi tunabaki na amani." Martina akapiga kigelegele kabla ya wakati, akajiziba mdomo.

Hashimu akaliinua jembe kwa mikono miwili.

Theresia alikimbia. Hakuwa amepanga. Alikusudia kukimbilia nyumbani, akajifungie, lakini watu walikuwa wameziba njia, kwa hiyo miguu ikampeleka upande wa ua, ikajikwaa, naye akaanguka kati ya makaburi mawili: la Laurenti, lenye udongo ambao bado ulikuwa mwekundu, na lile la mawe. Akayashika yale mawe. Hakuwa na pa kukimbilia tena.

"Anzeni na huyu," alisema.

"Dada, inuka," Godfrey alimnong'oneza. "Usitutie aibu mbele ya wageni."

"Aliyetolewa kwa mtama ni huyu." Meno yalikuwa yakigongana hata maneno yakatoka vipandevipande. "Mimi hakuna aliyeninunua. Nimezaliwa pale juu, mmenibatiza hapa. Kama mnakomboa, mkomboeni yeye. Mtoeni, akapelekwe kwao. Akishatoka yeye, mimi nitamfuata."

"Hiyo ni desturi tu, hakuna anayekomboa mifupa!"

"Basi mnamkomboa nani, kaka?"

Filomena akaja akiburuta mguu wa Laurenti, akasimama juu yao, mikono kiunoni.

"Kuchimba ni kazi yetu watani," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Godfrey, tamka. Niambie kwa kinywa chako: Filomena, chimba. Ila tazama kwanza. Tulipomchimbia mjomba wako, kila tukishusha jembe tulikuwa tunagonga mawe ya huyu bibi, hivyo walivyobanana. Nikimtoa huyu, Laurenti anaporomoka. Nimtoe na yeye? Nikuletee Dumila umpange pale na mifuko ya mbolea?"

Wachache walicheka, wakakoma. Theresia alitazama ule udongo mwekundu uliomshika magotini. Hakujua kama mjomba alikuwa ameliona jambo hili mbali namna hiyo, na hatajua.

Godfrey aliyatazama makaburi yote mawili. Hakutamka.

Mzee Hashimu akalishusha jembe. "Sisi hatukuja kufukua mtu, bwana," alimwambia Godfrey, si kwa ukali. "Uliniambia mwenyewe anataka kutoka."

Bibi Shadia alichutama kwa shida mbele ya Theresia. "Unataka kutoka, mwanangu? Sema. Kwetu mahali papo."

Lilikuwa swali ambalo kila jibu lake lilikuwa na hasara. Theresia aliyatazama yale masikio. "Hapana, mama," alisema, na akaanza kulia.

"Basi." Yule bibi aliikunjua shuka, akaitandika juu ya mawe na kuisawazisha pembe kwa pembe, kama anayemfunika mtoto. "Semeni. Jina lake alikuwa anaitwa Semeni. Huku mlimwita nani?"

Watu wa ukoo walitazama chini. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kikapu cha mtama mtani alikwisha kukinyakua, na cha kunyakuliwa na mtani hakidaiwi. Jembe Hashimu alikataa kurudi nalo. Alisema jembe lililotoka nyumbani kwa ajili ya mtu ni la mtu huyo, akamwekea Theresia miguuni. Wakati wa kuagana Bibi Shadia alimshika vidole. "Tumekuja kukuchukua, na tunakuacha tena."

"Nitakuja Kisaki, mama. Na mjukuu wako nitamleta."

Godfrey aliwasha pikipiki bila kuaga. Alipofika usawa wa Theresia alisimama kidogo. "Hayajaisha, dada." Theresia alijua ni kweli. Siri ya mama yake ilikuwa imefichuka, na sasa kila mtoto atakayepita njiani atakuwa anajua.

Jioni hiyo hakuingia ndani. Alishuka moja kwa moja shambani na lile jembe, akasimama mbele ya mimea ya mpaka ya Martina. Alitazama nyuma, akatazama tena. Kisha akauchimbua mmea wa kwanza na kuurudisha pale mama yake alipomwonyesha zamani.

Martina alitokea juu ya tuta, kanga ya msiba bado kiunoni. "We! Unafanya nini?"

"Naurudisha ulipokuwa."

"Mtu wa kununuliwa wewe, unasogeza mipaka ya watu?"

Neno lilikuwa limetoka. Tangu siku ile ya kijitoni Theresia alikuwa akilingojea, na alidhani siku litakapotamkwa mteremko wote utaachia na kumfukia. Alijikunyata, akasubiri. Mpira ulikuwa unatiririsha maji kwenye karoti kama kawaida. Martina naye alikuwa anasubiri.

Theresia aliinama akaukandamizia mmea udongo, lakini ukakaa upande. Akaung'oa, akaupanda upya.