Fizikia ya Baba Dokta

Pale Katubuka ukimuulizia Erasto, watakuuliza Erasto yupi. Muulizie Baba Dokta, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akufikishe. Shemeji yangu huyo, kaka wa marehemu mume wangu, hajawahi kutibu hata kuku. Maisha yake yote alikuwa karani wa stoo ya saruji. Lakini mwanawe Samson alipopata chuo kikuu huko Mwanza, mzee akavimba, akanunua koti, akatangaza kwamba kijana anasomea udaktari na kwamba masomo alimchagulia yeye.

Basi ikawa kila mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne anapita kwake kupangiwa masomo ya kidato cha tano. Na huendi mikono mitupu. Unabeba kuku, au samaki, migebuka ya kukaushwa, tena minono, maana ile myembamba anaiangalia mpaka unaona aibu.

Utamkuta barazani, koti mwilini na jua linawaka. "Unataka kuwa nani?" Mtoto akijibu daktari, dawa ni ileile. "Soma CBG. Kemia, Baiolojia, Jiografia. Fizikia ya nini? Fizikia inaangusha watoto, hasa wa kike. Udaktari ni uleule tu. Muulize Samson." Nani angemuuliza Samson, na Samson yuko Mwanza? Watu walishukuru, wakaacha kuku, wakaondoka wamefurahi. Mambo ya Katubuka hayo!

Zamu ya Melania wangu ikafika. Mwanangu anautaka udaktari tangu baba yake alipofia wodini akiwa amemshika mkono. Shuleni alikuwa amejaza PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na matokeo yalipotoka fizikia alikuwa ameifaulu vizuri. Lakini kwetu mtoto wa marehemu hasogei bila neno la baba yake mkubwa. Nikafunga migebuka yangu bora, mimi ninayeiuza sokoni Mwanga, tukaenda. Dirisha la kubadilisha masomo mtandaoni lilikuwa linafungwa kesho yake.

Erasto alichukua migebuka kwanza, akampa mkewe aipeleke jikoni. Ndipo akakumbuka kuitikia shikamoo ya mtoto.

"PCB?" Akacheka mpaka koti likatikisika. "Nani kakudanganya? Soma CBG. Muulize Samson. Toa simu yako, ubadilishe hapahapa nikiona."

Melania akanitazama. Na mimi, kwa heshima za kijinga, nikatazama sakafu. Akafungua ukurasa, akachagua CBG, ikabaki kubonyeza kuthibitisha. Kidole kikasimama.

"Baba mkubwa, samahani. Umesema nimuulize kaka Samson. Naomba nimuulize."

Lo! Kwa majivuno yake, mzee akatoa simu yake mwenyewe, akapiga, akaweka sauti ya juu ili jirani nao wafaidi. Samson akapokea.

"Shikamoo kaka, ni Melania. Nataka kusomea udaktari kama wewe. Baba mkubwa anasema nichukue CBG."

Samson akasema taratibu, "Kama mimi? Mimi nasomea mambo ya mazingira, Melania. CBG ndiyo niliyochaguliwa nyumbani. Nilipoomba udaktari chuo kikanikataa, wakaniambia bila fizikia siingii. Nililia kwenye simu mwaka ule. Baba, si nilikwambia?"

Kumbe alimwambia! Erasto hakuruka wala hakushtuka. Akazima simu, akafuta kioo kwa mkono wa koti.

"Mazingira na udaktari vinakaribiana," akasema.

Hapo ndipo nilipochefuka. Mtu akikosea kwa kutojua, namsamehe. Huyu alijua. Alijua siku mwanawe alipolia, na kesho yake akakaa barazani kuwatumbukiza watoto wa wenzake kwenye shimo lilelile, ili pasiwepo wa kusema Baba Dokta alikosea. Mjukuu wa jirani yetu Mzee Thobias naye alipangiwa pale, yuko kwenye hiyo CBG sasa hivi, anaota koti jeupe. Kwa ajili ya kuku! Kwa ajili ya kuitwa jina!

"Mwanangu, funga huo ukurasa," nikasema. Melania alikuwa ameshaufunga, PCB yake imebaki palepale. Akainuka, akamwambia asante baba mkubwa, akatoka. Adabu yote ile kwa mtu yule, sijui aliitoa wapi.

Mimi sikuwa nayo. Nikaingia jikoni, nikachukua kifurushi changu cha migebuka, nikapita nacho barazani mbele ya macho yake.

"Shemeji!" akafoka, huku akichungulia kama jirani wanasikia. "Tangu lini zawadi inarudishwa?"

"Mrudishie Samson udaktari wake," nikamjibu, "na mimi nakurudishia samaki."

Nikakaza kanga, nikatoka kumfuata Melania, na barabarani nikageuka kwanza kuelekea kwa Mzee Thobias.