Namba Nilizomsomea Shemeji

Nilipata leseni ya urubani kabla sijaolewa, na kwa miaka mingi sikujua niitumie vipi. Ilikuwa leseni ya binafsi: unaruhusiwa kurusha ndege, huruhusiwi kulipwa. Mimi ni daktari wa mifugo, mwajiriwa wa serikali, na Isiolo nililetwa na uhamisho kutoka kwetu Meru, nikaolewa huko na Mborana. Rafiki yangu, mkulima mzee wa ngano, alikuwa na ndege ndogo ya viti vinne. Macho yake yalipoanza kufifia aliniambia, "Irushe wewe, isikae ikaoza."

Basi nikawa mtu wa kutafuta sababu. Nilipeleka chanjo za mbuzi Merti mvua ilipokata barabara. Nilimpeleka mama mkwe Kinna kwenye harusi, akasoma dua kwa sauti tangu tulipopaa mpaka tulipotua. Jumapili nyingine nilizunguka tu juu ya mji, nikaona mabati ya mtaa wa Kiwanjani yanavyong'aa, kisha nikarudi nyumbani kupika.

Halafu asubuhi moja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifika na damu iliyokauka kwenye kanzu. Haikuwa damu yake. Alikuwa ameendesha pikapu moja kwa moja kutoka malishoni, upande wa Merti.

"Wezi wa mifugo wamevamia boma letu alfajiri," alisema. "Wamemuua binamu yetu akikama. Ngamia wote wameenda. Shemeji, nitafutie na ile ndege."

Mume wangu alinitazama. Nilichukua funguo.

Tuliliona boma kwanza. Vibanda vilikuwa vinafuka moshi, na wanaume walikuwa wanachimba kaburi. Pembeni walilala ngamia waliopigwa risasi kwa sababu walikataa kutembea. Tulifuata nyayo za ngamia kuelekea kaskazini kwa dakika kama ishirini. Tulipowaona wale ngamia wamejazana kwenye korongo, shemeji alipiga kelele ya furaha, akanishika bega. "Shuka! Shuka niwahesabu!"

Nikashuka. Hilo ni kosa langu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Sikusikia mlio wa bunduki. Nilisikia kitu kama mawe yakitupwa juu ya bati, mara tatu, na kioo cha upande wake kikapasuka. Shemeji alitazama paja lake kama mtu aliyemwagikiwa na chai. Kisha damu ikaruka hadi kwenye vipimo vya ndege, ikanifunikia vile vya mafuta na kasi, nikawa navipangusa kwa kiganja huku nikivuta usukani kwa mkono mwingine.

"Vua mshipi! Funga juu ya kidonda! Kaza!"

"Siwezi."

"Kaza, ama utanifia hapa!"

Alikaza kwa meno. Njia nzima alitukana, akaomba Mungu, akatukana tena. Mafuta yalikuwa yanachuruzika kutoka bawa la kulia. Niliitua Isiolo kwa kishindo, gurudumu la mbele likakunjika, tukaburutika kwenye lami cheche zikiruka. Wahudumu wa uwanja walimtoa kupitia dirisha.

Hospitali walimkata mguu. Siku ya pili alinishika mkono kitandani.

"Lile korongo liko wapi hasa? Nisomee."

Nilikuwa nimeandika namba za mahali pale, zile za GPS, kwenye daftari langu la safari. Nilikuwa nimeshawapa polisi. Nilijua anazitaka za nini. Lakini alikuwa amelala pale bila mguu, na binamu yake yuko kaburini. Nikazisoma, moja moja, naye akazirudia kwenye simu kwa Kiborana.

Watu wa boma walienda wakachinja watu watatu. Wawili walikuwa na bunduki. Wa tatu alikuwa mwanamke wa manyatta, kijiji cha wafugaji, jirani na korongo, aliyekuwa anachota maji. Habari hiyo niliipata sokoni kutoka kwa muuza maziwa, na maziwa niliyolipia niliyaacha hapo hapo, kando ya madebe yake.

Ukame uliofuata shemeji alikuja tena, kwa mikongojo. Ng'ombe ndio walikuwa wamechukuliwa mara hii.

"Mafuta tutaweka sisi," alisema.

"Sirushi, shemeji."

"Wewe ni wetu ama si wetu?"

"Ni wenu. Lakini yule mwanamke tulimuua mimi na wewe."

Aliinua mkongojo. Nilidhani ananipiga, nikakinga uso. Akaushusha kwenye kioo cha gari langu, mara moja, mara mbili, mpaka kikamwagika chote kwenye kiti. Kisha akaondoka akirukaruka kwa mguu mmoja, analia. Mume wangu alileta ufagio, akafagia vipande bila kuniangalia.

Hatujala sahani moja na shemeji tangu siku hiyo. Ndege ilitengenezwa, na leseni naihuisha kila ikikaribia kuisha. Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Merti: wanaume wawili wamepigwa risasi, gari hakuna. Niliwabeba wote wawili, wamelaliana kwenye viti vya nyuma. Mmoja alifia angani. Sikuwauliza ni wa upande gani.