Bi Ndimu na Jiko la Mkwewe

Shangazi yangu akiingia nyumbani kwako atakusalimia vizuri, atauliza hali ya watoto, atakaa kidogo kwenye kochi kwa ajili ya heshima tu. Halafu ataomba maji ya kunywa. Ukimwambia unamletea, atasema hapana, usisumbuke, nitayafuata mwenyewe. Hapo ujue umekwisha. Kwenye mkoba wake, pamoja na leso na miwani, kuna ndimu na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye kijikaratasi, na hayo maji wala hatayanywa. Ukimfuata jikoni utamkuta ameinamia jiko lako la gesi, ameshang'oa vyuma vya kuwekea sufuria, anasugua.

Ukoo mzima tunamwita Bi Ndimu, akiwa hayupo bila shaka. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na nadhani hakuna aliyemweleza kwamba kustaafu maana yake ni kuacha. Dawa za madukani hazitaki, anasema zinamuumiza kichwa. Yeye ana ndimu ya kuchovya kwenye chumvi kwa madoa mabichi, siki ya moto kwa mafuta, na kwa yale yaliyogandamana ana soda ya kuokea, anaikoroga na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, anaipaka, anaiacha ikae, ndipo anaifuta. Jiko linang'aa kweli, siwezi kusema uongo. Tatizo ni kwamba hujamwomba. Kwangu alilisugua wiki niliyohamia, wageni wamejaa sebuleni, kisha akatoka na kitambaa cheusi tii akawaonyesha mmoja mmoja. Na kuna msiba wa jirani ambao tulimtafuta wakati wa kuondoka, tukidhani amezidiwa na majonzi, kumbe yuko jikoni kwa mfiwa amekunja mikono ya gauni.

Kwa hiyo mwanawe wa pekee alipooa, sisi wengine tulikaa roho juu. Mke wake, wifi yangu, anauza kwenye duka la dawa. Ni mpole, lakini upole wake una mpaka. Siku ya kwanza Shangazi alipowatembelea, wifi alitoka kidogo kufuata vinywaji. Kurudi, akakuta jiko lake jipya liko vipande vipande sakafuni na mama mkwe yuko katikati, anachokonoa matundu ya moto kwa pini ya nywele. Wifi alishukuru. Alishukuru kwa adabu zote, na tangu siku hiyo Shangazi hakualikwa tena. Ikawa ni simu tu: Mama hujambo, sijambo, haya kwaheri.

Halafu akazaliwa mtoto wa kike. Shangazi alimshika kidogo hospitalini, akarudi nyumbani na picha kwenye simu, akamwonyesha kila mtu mpaka muuza mkaa. Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha ikabidi atafutwe mtu wa kukaa na mtoto mchana. Binamu yangu akamtaja mama yake. Wifi akafikiri, kisha akanipigia mimi.

“Wifi, mwambie Mama aje Ijumaa, akae na sisi mpaka Jumatatu asubuhi, tuone. Tukiwezana, atabaki na mtoto. Lakini jiko langu asiliguse. Akiligusa tu natafuta msichana wa kazi, na nisilaumiwe.”

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Shangazi akaukumbatia mkoba wake.

“Hata nikiona linatiririka mafuta?”

“Hata likiota majani, Shangazi.”

Akafungua mkoba, akatoa ndimu zake moja moja, akaniachia mezani. Nilikwenda naye, maana binamu yangu aliniomba niwe refa.

Ijumaa alifika, akachagua kiti kinachoupa mgongo mlango wa jikoni, akaganda hapo. Maji ya kunywa akaomba aletewe, akayanywa yote, binamu akanikonyeza. Tulimtania bila huruma. Jumamosi asubuhi maziwa yalifurika, yakalimwagikia jiko, harufu ikaenea nyumba nzima.

“Mama, husikii kitu kinaungua?” binamu akamchokoza.

“Mimi nina mafua,” alijibu, na pua inamcheza.

Akajikaza kisabuni. Lakini baadaye, tukikunja nepi wawili, akaniambia polepole, “Mwanangu, nyie chekeni tu. Nikimkosa huyu mtoto nitakuwa nimejikosesha kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo nalijua.” Mtoto alikuwa bado hajamzoea, akilia analala kwa mama yake tu. Nilimwonea huruma, utani ukanikauka mdomoni.

Jumapili mchana jiko lenyewe likaleta kesi. Yale maziwa yalikuwa yameziba matundu. Moto ukawa wa njano, ukatoa masizi, upande mmoja ukagoma kabisa kuwaka. Wifi akatokea mlangoni na kiberiti mkononi, jasho linamtoka.

“Mama, hili jiko limenishinda. Naomba uje unisaidie.”

Shangazi aliinuka nusu. Niliona vidole vyake vikifunguka vyenyewe. Lakini mtoto alikuwa amelala kifuani kwake, kwa mara ya kwanza, mdomo wazi, ngumi imeshika ukosi wa gauni la bibi yake. Alipohisi anainuliwa akaguna. Shangazi akarudi kukaa.

“Mtoto ndiyo kwanza amelala,” akasema. “Fanya wewe, mama. Siki na soda unavyo?”

“Ninavyo.”

“Basi unaweza.”

Wifi akarudi jikoni. Mimi nilisimama mlangoni nikaona yote. Alitia soda kwenye kikombe, akaimiminia siki papo hapo, povu likapanda na kumwagika, akafurahi mwenyewe: “Ona linavyochemka!” Yeyote aliyepita mikononi mwa Shangazi anajua kwamba hivyo viwili ukivichanganya kikombeni vinamalizana vyenyewe, unabaki na maji tu. Mimi nilishapigwa kofi la mgongo kwa kosa hilo hilo. Nikafungua mdomo. Shangazi, aliyekuwa ameshageuza kiti, alinitupia jicho moja, nikaufunga.

Wifi alisugua kwa maji yake hayo mpaka mikono ikauma. Alichokonoa matundu kwa pini, na moto ukarudi kuwa wa buluu. Lakini pale mbele lilibaki doa la kahawia, pana kama kiganja.

“Mama, njoo uone!”

Shangazi alikwenda taratibu, mtoto begani, akainama. Doa lilikuwa chini ya pua yake kabisa. Nimemjua maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia akilipasisha jiko la mtu.

“Limetakata,” akasema. “Limetakata kabisa.”

Wifi akalitazama doa. Akamtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, nami nikatazama dirisha.

“Na hili doa, Mama?”

“Doa lipi?”

Wifi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akafuta mikono, akaja akamfunika mtoto vizuri pale begani.

“Kesho usiondoke, Mama.”

“Kwani nani kasema anaondoka?” Shangazi akajibu, na machozi yanamdondokea mjukuu wake kichwani.